Bakuli Lililofunikwa Kawa

Mke wangu alirudi kutoka Mikindani saa nne asubuhi, na hakutakiwa kurudi kabla ya siku nne nyingine kupita. Yeye ni somo wa binti ya dada yake, na somo haachi nyumba ya fungate ovyo. Kwa watu wa kwao fungate ni siku saba baada ya harusi. Bwana harusi na biharusi wanakaa chumbani, nyumbani kwa wazazi wa binti, wanapikiwa, wanafuliwa, hawatoki. Somo, ambaye ndiye aliyemfunda binti mambo ya unyumba, anawahudumia na kuwaamkia kila asubuhi. Nilikuwa uani nanyoa ndevu. Alisimama nyuma yangu, nikamwona kwenye kioo, buibui hajavua.

"Yule bwana harusi amekataa supu," akasema. "Na amevaa viatu."

Mtu mwingine angecheka. Mimi niliuweka wembe ukingoni mwa beseni. Nilimuuliza kama wamemuuliza. Akasema yeye hamuulizi, aliapa zamani kwamba hatamuuliza mtu, lakini shangazi za binti wanamuuliza tangu siku ya kwanza, na leo ni ya tatu. Nikauliza kama ametoka nje. Bado, amekaa kitandani na viatu vyake. Kisha akaniambia niende.

Nilijifanya sielewi niende wapi. Nina tabia hiyo, naijua, na yeye anaijua zaidi. Nikasema mambo ya chumba cha watu yana wenyewe, nikasema kijana yule ni karani wa forodha, ana elimu kunishinda, nimwambie nini mimi dereva wa foko la mizigo bandarini? Mke wangu akanipa taulo nifute povu. Akasema nimwambie kile nilichomwambia baba yake yeye, baba mkwe wangu.

Miaka kumi na sita hatujawahi kukitaja.

Nianze na pweza, maana ndiye aliyenionea. Nilioa nikiwa na miaka ishirini na saba. Kwa baba ni Msimbati, Wamakonde, na jandoni tulifundwa mengi: kumwamkia mkubwa, kutoingia chumbani kwa mama bila hodi, kuvumilia kisu bila kulia. Habari za mke tulifundwa kwa nyimbo, na katika nyimbo zote zile mwanaume hakushindwa hata mara moja. Sikumbuki mtu mzima yeyote akituambia kwamba mwili unaweza kuitwa usiitike. Nilikua nikidhani ni kama mkono, unauamuru nao unanyanyuka.

Harusi ilifanyika Mikindani, nyumbani kwa wakwe, nyumba ya mawe ya zamani yenye ua nyuma na jiko la kuni pembeni. Tulipewa chumba cha mbele. Shuka nyeupe, asumini kwenye sahani, udi. Somo wa mke wangu alikuwa bibi mmoja mfupi, shangazi wa mama mkwe, mwenye ulimi mkali na mkono mwepesi wa kutia chumvi. Kwa kuwa mke wangu ni mjukuu wake, mimi kwake nilikuwa mtani, na bibi za pwani huwaita waume wa wajukuu zao waume zao. Basi akaniita mume wangu toka nilipovuka kizingiti.

Usiku wa kwanza sitausimulia. Ni wangu na wa mke wangu, na hapakuwa na cha kusimulia. Nitasimulia asubuhi.

Asubuhi ya kwanza bibi aliingia na sinia: mkate wa kumimina, chai ya tangawizi, na bakuli la supu ya pweza. Kila mtu wa pwani anajua supu ya pweza anapikiwa nani na kwa kazi gani. Aliweka sinia chini, akanitazama usoni, akauliza, "Mume wangu, safari mmefika?" Nikajibu kwamba bado tuko njiani. Akacheka, na nyuma ya ukuta nikasikia wanawake wengine wakicheka pia. Hawakuwa na ubaya. Walicheka kama watu wanaosubiri wali uive.

Asubuhi ya pili bakuli lilikuwa kubwa zaidi. Kando yake palikuwa na mihogo mibichi, kipande cha nazi na karanga. Bibi akauliza tena, nikajibu vilevile, na safari hii nyuma ya ukuta palikuwa kimya. Ya tatu zikaja korosho zilizopikwa kwa nazi, na kikombe cha maji meusi ya mizizi, machungu, yenye harufu ya udongo. Nilikunywa yote. Ningekunywa na bakuli lenyewe.

Sikujua wakati ule kilichokuwa kinanipata. Najua sasa, nami nakisema wazi: ilikuwa hofu. Adhana ya alasiri ilipoita, nilianza kuhesabu saa zilizobaki. Na nilipomkaribia mke wangu, ambaye nilimpenda na kumtamani miezi minane ya uchumba, sikuwa naye tena. Nilikuwa najitazama. Nilijisimamia pembeni nikiwa nimekunja mikono, najiuliza: imeanza? haijaanza? bibi nitamwambia nini? Mtu akiwa hivyo mwili hauna mahali pa kufurahi.

Siku ya tatu mke wangu alisema tulale tu. Alisema kwa upole, akanishika mkono, akaanza kunisimulia habari ya kuku wao aliyetaga kwenye kapu la nguo. Nami, mpumbavu, nikaukasirikia upole wake. Niliusikia kama hukumu. Nikageukia ukutani, na yeye akanyamaza, kuku akabaki kapuni mpaka leo.

Siku ya nne mchana rafiki yangu wa bandarini alikuja na zawadi ya vitenge. Tulizungumza dirishani kwa dakika chache, na sijui alisoma nini usoni mwangu, akanitia kiganjani vidonge viwili bila boksi wala maelezo. Akasema hivi havijawahi kumwangusha mtu. Nilimeza vyote viwili, juu ya mizizi ya bibi. Uso uliwaka, kichwa kikagonga, moyo ukaenda mbio hadi nikahisi nitafia nyumbani kwa wakwe na supu mdomoni. Na kile nilichokimezea vidonge hakikuja, au kilikuja kikaondoka papo hapo nilipokikumbuka. Nililia. Mke wangu alinisikia. Hakugeuka, na naelewa kwa nini, maana mara ya mwisho alipogeuka nilimkasirikia.

Asubuhi ya tano bibi aliingia na bakuli. Safari hii hakuuliza. Aliliweka chini polepole, akaniangalia kwa huruma, akatoka akiufunga mlango kwa mikono miwili. Huruma ile ndiyo iliyonimaliza. Maswali ningeyavumilia. Nilivaa viatu. Mke wangu alikuwa amenipa mgongo, anasuka nywele zake mbele ya kioo kidogo, na naamini aliniona humo. Nikapita mlango wa uani, nikapita choo, nikatokea barabarani, nikapanda bodaboda kwenda mjini Mtwara. Sikuaga mtu.

Nilikwenda zahanati moja mtaani, mbali na bandari ili nisikutane na wenzangu. Tabibu alikuwa mzee kidogo, Mmakua kwa matamshi yake, mwenye miwani iliyofungwa kwa plasta sikioni. Nilimwambia nina homa. Akanipima, akasema sina. Nikamwambia kichwa. Akafunga mkanda wa presha mkononi mwangu, akatazama, akauliza nimekula nini. Nikaanza kutaja: pweza, karanga, mihogo, korosho, mizizi, vidonge viwili. Nilipofika kwenye vidonge akaweka kalamu chini, akaniuliza nimeoa lini. Nikasema Ijumaa.

Hakucheka. Nitamshukuru kwa hilo maisha yangu yote. Aliufunga mlango, akaniuliza swali ambalo sikulitarajia, kama asubuhi ninapoamka, kabla sijawaza chochote, mwili wangu huwa umeamka wenyewe. Nilisema ndiyo, karibu kila siku, hata leo. Akasema basi mabomba ni mazima. Ingekuwa hata alfajiri hakuna kitu, au ingekuwa jambo hili limekuja taratibu kwa miezi, angenipima sukari na moyo, maana mara nyingine uume ndio wa kwanza kutoa habari ya ugonjwa wa mishipa. Lakini mimi ni mtu mwenye hofu. Mwili ukiogopa, akasema, unajiandaa kukimbia, na damu inakwenda kwenye miguu na moyo. Huwezi kukimbia na kustarehe kwa wakati mmoja.

Kisha akaniuliza nafanya kazi gani. Nikamwambia naendesha foko bandarini, napanga magunia ya korosho kwenye makontena. Akauliza siku za mwanzo ilikuwaje. Nikamweleza ukweli, kwamba nikiwa peke yangu niliendesha vizuri, lakini msimamizi akija kusimama kando amekunja mikono, nilikuwa natoboa magunia. Niliwahi kutoboa matatu kwa asubuhi moja, korosho zikamwagika sakafuni.

"Sasa kule kwenu Mikindani," akasema, "mmewaita wasimamizi wangapi?"

Niliwahesabu kichwani. Bibi, mama mkwe, shangazi, wanawake wa jikoni, rafiki yangu na vidonge vyake. Halafu nikamkuta msimamizi mkali kuliko wote, nikaona ni mimi.

Dawa aliyonipa haikuwa ya kumeza. Alinikataza mizizi na vidonge, hasa vidonge, akasema vipo vya halali na vinawafaa wengine, ila havimezwi kwa kupewa dirishani na mtu asiyejua moyo wako ukoje. Akasema nirudi nimwambie mke wangu ukweli, kwa maneno yangu, mchana, tukiwa tumevaa. Na tukubaliane kwamba kwa wiki mbili jambo lile halitafanyika kabisa, hata likiwezekana. Tukae, tushikane, tukandane miguu, tucheke, tulale. Nikihisi mawazo yanakwenda mbio nivute pumzi taratibu, nirudishe akili kwenye ngozi, kwenye harufu, kwenye kilichopo, si kwenye kitakachotokea. Hofu yangu, alisema, inaishi kwa kuulizwa kila siku. Ikikosa swali itakonda.

Nilitoka pale mwepesi. Nilinunua maji, nikanywa nikiwa nimesimama juani, nikajiona mtu aliyepona. Katika saa zile tatu sikumuwaza mke wangu hata kidogo. Nalisema hili kwa sababu ndilo linaloniuma zaidi ya yote, na kila mwanaume mwenye shida hii anapaswa kulijua. Mtu anayejionea huruma haoni mwingine.

Kwetu Msimbati bwana harusi akitoka kwenda dukani siku ya pili hakuna atakayemtazama. Kwa wakwe zangu si hivyo. Nilikuwa nimeambiwa kabla ya harusi, na nilitikisa kichwa kama mtu anayesikia, kumbe nilikuwa nawaza suti. Bwana harusi akivunja fungate, akaondoka kabla ya siku saba bila kuaga, anawaambia watu jambo moja tu, kwamba hakumkuta binti mzima. Kwamba amekuta njia imeshapitwa. Na nyumba ikipata msiba huo, vyombo vyote alivyolia chakula bwana harusi vinatolewa uani na kuinamishwa chini, ili kila anayeingia aone, asiulize.

Niliviona nilipoingia kwa mlango ule ule wa nyuma. Sahani, birika, vikombe vya dhahabu vya mama mkwe, sinia, vyote vimeinama kwenye mchanga. Wanawake walikuwa jikoni hawapiki. Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye kibao cha mbuzi, uso ameufunika kwa upande wa khanga. Shemeji zangu wawili walikuwa wamesimama sebuleni, na mmoja wao alitoka aliponiona, nadhani ili asinipige. Mlango wa chumba ulikuwa umefungwa, bibi ameketi mbele yake mkekani. Niliambiwa baadaye kwamba walikuwa wamemuuliza mke wangu tangu asubuhi: ni nani? ilikuwa lini?

Baba mkwe alikuwa ukumbini na tasbihi. Alikuwa fundi wa kushona mapazia ya maduka ya Wahindi, mtu wa maneno machache, aliyenipa binti yake bila kunisumbua kwa mahari kubwa. Akanionyesha mahali pa kukaa. Nikampa shikamoo, akaitika. Akaniuliza nimetoka wapi.

Nikasema nilikuwa na homa.

Ndiyo, nilisema hivyo. Nilikuwa nimeviona vyombo, nimemwona mama mkwe, na bado nilisema homa. Baba mkwe akavuta shanga mbili tatu za tasbihi, akasema mwenye homa huaga. Hakupandisha sauti. Alisema angependa kujua kama nimerudi kuchukua mizigo yangu, ili amwite mshenga mambo yaishe kistaarabu. Nikaona jinsi itakavyokuwa: nitaondoka na sanduku langu na heshima yangu nzima, na msichana aliyenisimulia habari ya kuku atabaki katika mji ule na jina ambalo halitamtoka. Na alikuwa anaweza kujitetea kwa maneno mawili tu. Alikuwa nayo tangu asubuhi, angeweza kuwaambia hajaniweza yule, na vyombo vingerudi ndani. Hakuyasema.

"Baba," nikasema, "binti yenu hana doa. Mwenye shida ni mimi. Siku zote hizi sikuweza."

Nilitaka ardhi ipasuke, na haikupasuka. Baba mkwe aliacha kuvuta tasbihi. Alitazama chini kwa muda mrefu, na masikio yake yakawa mekundu, mtu mzima yule, nikajua na yeye ana haya kama mimi. Kisha akauliza kama nimemwona mganga wa hospitali. Nikasema ndiyo, ndiko nilikokuwa. Akauliza anasemaje. Nikasema anasema ni hofu, na kwamba naulizwa mno. Mwishoni akasema, kwa sauti ya chini ambayo nadhani hakutaka hata shemeji yangu aisikie, "Hata mimi waliniuliza."

Hakuongeza. Aliinuka akaenda uani, na nilimsikia akimwambia mkewe aviokote vyombo. Yeye mwenyewe aliinua birika.

Bibi alikuwa amesikia yote, maana mlango wa ukumbi ulikuwa wazi na masikio yake hayakuwa na kasoro. Alikunja mkeka wake mbele ya kile chumba. "Mume wangu," akasema, "mficha uchi hazai. Ungesema, tungekupikia uji." Akaubeba mkeka kwapani akarudi kwake, na hakuwahi kutuuliza kitu tena mpaka alipofariki. Nilishika jeneza lake mguu wa mbele, kwa kuomba mwenyewe.

Nikaingia chumbani. Mke wangu alikuwa amekaa sakafuni, mgongo kwenye kitanda, macho yamevimba. Mbele yake palikuwa na bakuli la supu ya asubuhi, limefunikwa kawa ya ukili. Vyombo vyote vimetolewa, hili peke yake limesalia, nikadhani wamelisahau. Nilikaa mbali naye kidogo. Nikamwambia maneno ya tabibu, yote, mchana, tumevaa, mpaka na magunia. Kisha akasema jambo ambalo nimelibeba hadi leo. Alisema hakukasirika kwa kushindwa kwangu, alikasirika kwa kuondoka kwangu.

Tulifanya kama tulivyoambiwa. Siku mbili zilizobaki za fungate zilikuwa za kucheza bao na kula wali wa kawaida. Tukahamia chumba chetu cha kupanga, na wiki mbili zikawa tatu, kwa sababu tulianza kuzizoea. Nilijifunza miguu yake inauma wapi. Alijifunza kwamba shingoni nina kovu la mchongoma. Siku moja ya mvua, Jumapili mchana, tulikuwa tunachagua mawe kwenye choroko, tukawa tunabishana na kucheka, na choroko zikabaki sakafuni. Hapakuwa na mtu wa kwenda kumwambia tumefika.

Sisemi hofu iliondoka moja kwa moja. Ilinirudia mwaka niliosimamishwa kazi meli zilipopungua, na ikanirudia nilipotimiza arobaini, safari hii ikiwa na presha nyuma yake, kwa sababu asubuhi zangu nazo zilikuwa zimebadilika, nami nikaenda kupimwa bila kungoja. Sasa nameza dawa ya presha, natembea, nimepunguza chumvi. Inapokuja naitambua. Namwambia mke wangu kwamba msimamizi amekuja, naye anasema mwache asimame achoke. Lakini siku ya vyombo hatukuitaja tena. Niliona nimeilipia kwa lile neno moja ukumbini, nikaifunga.

Ndiyo maana nilisita na taulo mkononi. Hatimaye nilivaa shati nikaenda.

Kijana alikuwa kitandani na viatu, kama nilivyoambiwa. Mkoba wake ulikuwa magotini. Biharusi alikuwa amepelekwa kuoga. Supu ilikuwa imeganda utando juu. Aliniamkia akitazama sakafu, na mimi nikakaa kwenye kiti cha plastiki, nikakosa pa kuanzia. Nilianza na magunia, nikayaacha. Mwishowe nikamwambia tu, kama mtu anayetapika, "Mwanangu, mimi niliondoka siku ya tano. Sikuweza siku nne, nikaondoka, na vyombo vikainamishwa."

Akainua macho. Nilimwambia yaliyobaki polepole, pamoja na swali la tabibu la asubuhi, pamoja na vidonge, na kwamba jioni nitampeleka hospitali ya mjini akitaka, tena kwa kuaga, mbele ya watu, nikisema ninamchukua nina kazi naye. Nikamwambia shangazi hawatauliza tena, hilo nitalisimamia mimi na baba mdogo wa biharusi. Alisikiliza mpaka mwisho. Mkoba ukashuka sakafuni. Kisha akauliza kitu kimoja.

"Na mama somo alisema nini, siku ile, walipomuuliza?"

Nikasema hakusema kitu, alinyamaza. Na nilipokuwa nasema nikaona kwamba sijui. Miaka kumi na sita nimekuwa nasimulia kichwani mwangu siku ile, na ndani yake mke wangu amekaa kimya sakafuni, kwa sababu sikuwahi kumuuliza. Kijana aliinama akaanza kufungua kamba za viatu. Nilimwacha.

Mke wangu alikuwa kwenye jiko la nje, pamoja na shangazi za binti, anapanga sinia za mchana. Nilimwita pembeni ya tangi la maji. Nikamwambia kijana amevua viatu, akashusha pumzi. Nikamuuliza siku ile aliwaambia nini.

Alinitazama kama anataka kujua nimekaa wapi siku zote. Akasema hakuwaambia kitu kuhusu mimi. Walipokuja kutoa vyombo aliwaacha wachukue vyote, ila walipoinamia bakuli la supu alilikumbatia. Mama yake alivuta, bibi alivuta, supu ikamwagikia magotini ikamuunguza. Hakuliachia. Alisema lile la mumewe bado halijaliwa, mwenyewe atarudi kulila, na akaomba kawa.

Nikamuuliza kama alijua nitarudi.

"Sikujua," akasema. "Nililifunika tu."